Usukani wa mkia: namna ndege ndogo ya telekomande inavyoeleza ajali zilizoua watu 157

Jioni ya tarehe 8 Septemba 1994, ndege ya aina ya Boeing 737 ya kampuni USAir, safari namba 427, ilikuwa inatoka Chicago kwenda Pittsburgh, nchini Marekani. Ndani mulikuwa watu 132. Anga ilikuwa safi. Ndege ilikuwa imeshuka hadi futi 6 000, karibu metri 1 800, na marubani walikuwa wanajitayarisha kutua.

Ilipita katika hewa iliyovurugwa na ndege nyingine iliyotangulia, ikatikisika kidogo. Jambo hilo ni la kawaida. Lakini mara pua ikageuka kushoto, bawa la kushoto likashuka, ndege ikapinduka na kuanza kuporomoka. Chini ya nusu dakika baadaye ilijigonga kwenye kilima karibu na mji wa Aliquippa. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi walihitaji zaidi ya miaka minne kueleza kilichotokea. Jibu lao lilikuwa juu ya kibao kimoja kilicho nyuma kabisa ya ndege: usukani wa mkia, ambao wenye kusoma Kifaransa wanauita gouvernail. Kazi ya kibao hicho ni kugeuza pua kushoto ao kulia, basi. Namna gani basi kibao cha kugeuza pua kinaweza kuipindua ndege nzima na kuielekeza chini?

Swali hilo si la wachunguzi peke yao. Kila mtu anayejifunza kurusha ndege ndogo ya telekomande, ile ya mti mwepesi wa balsa ao ya povu, anakutana nalo siku za kwanza. Anasukuma kijiti cha usukani akitaka ndege igeuke tu, na ndege inalala upande, kisha inashusha pua. Ukifahamu sababu yake kwenye ndege yenye uzito wa kilo moja, umefahamu pia sehemu kubwa ya ajali ya Pittsburgh.

Miendo mitatu

Gari linajua kugeuka kushoto na kulia tu. Ndege inageuka kwa njia tatu. Ya kwanza, inainua ao inashusha pua. Ya pili, inalala upande: bawa moja linashuka, lingine linapanda. Ya tatu, inageuza pua kushoto ao kulia bila kulala, kama mtumbwi unaogeuzwa juu ya maji.

Kila mwendo una vibao vyake. Vibao vilivyolala kwenye mkia vinainua na kushusha pua. Vibao vilivyo nyuma ya mabawa, karibu na ncha, vinalaza ndege: kimoja kinapanda wakati kingine kinashuka. Na usukani uliosimama kwenye mkia unageuza pua. Katika ndege kubwa rubani anausukuma kwa miguu, kwa pedali mbili. Kwenye telekomande ni kidole gumba kinachosogeza kijiti.

Kwenye karatasi, mambo ni rahisi: kibao kimoja, mwendo mmoja. Katika hewa haiko hivyo. Ukigusa kimoja, umegusa vyote vitatu.

Namna pua inavyovuta mabawa

Tuchukue ndege ndogo ya wanafunzi. Mabawa yake hayakunyooka sawasawa. Yamepandishwa kidogo kuelekea ncha, kama herufi V iliyofunguliwa sana. Rubani anasukuma usukani kulia. Hewa inagonga kibao na kuusukuma mkia kushoto, basi pua inakwenda kulia.

Lakini ndege ina uzito, na uzito haubadilishi njia mara moja. Pua imeangalia kulia, mwili wote bado unakwenda pale ulikokuwa unakwenda. Kwa kitambo kidogo ndege inasafiri kiubavu, ubavu wake wa kushoto ukiwa mbele. Upepo hauigongi tena puani. Unatoka mbele na upande wa kushoto.

Hapo ndipo umbo la V linafanya kazi. Upepo huo wa upande unalipata bawa la kushoto zaidi kwa chini, kwa sababu bawa hilo limepanda kuelekea ncha. Bawa la kulia unalipata zaidi kwa juu. La kushoto linabeba zaidi, la kulia linabeba kidogo. Ndege inalala kulia, upande uleule ambao rubani aliuomba kwa usukani.

Kuna sababu ya pili. Wakati pua inazunguka kulia, bawa la kushoto liko upande wa nje, linakimbia kuliko lile la ndani. Bawa linalokimbia zaidi linabeba zaidi. Mzunguko ukiisha, sababu hii nayo inaisha, lakini ile ya V inabaki muda wote ndege inapokwenda kiubavu.

Mabawa yaliyowekwa juu ya mwili, kama ya ndege nyingi ndogo zinazotua kwenye viwanja vya udongo, yanasaidia kazi hiyo. Na mabawa yaliyoelekezwa nyuma, kama ya ndege kubwa za abiria, yanaifanya kwa nguvu sana. Ndege hiyo ikienda kiubavu, bawa linalotangulia linakutana na upepo likiwa limesimama sawasawa mbele yake, na lile la nyuma linajificha zaidi. Tofauti ya nguvu kati ya mabawa hayo mawili inaweza kuwa kubwa kuliko ile inayoletwa na V peke yake. Mabawa ya Boeing 737 yameelekezwa nyuma kwa digrii 25 hivi.

Mtoto yeyote anaweza kulijaribu jambo hili kwa ndege ya povu ya kurusha kwa mkono. Kwanza akunje mabawa kidogo kuelekea juu, ageuze usukani kidogo kulia, kisha arushe: ndege itageuka ikilala. Halafu anyooshe mabawa sawasawa na arushe tena. Mara hii pua itajaribu kugeuka, lakini ndege italala kidogo tu ao haitalala, na itateleza kama gari kwenye matope.

Pale usukani unapolaza upande mbaya

Si kila ndege inalala upande unaoombwa. Usukani wenyewe uko juu ya mkia, mara nyingi juu kuliko mahali uzito wa ndege unapokutana. Unaposukumwa kulia, hewa inausukuma kushoto, na kwa kuwa msukumo huo uko juu, unajaribu kulaza ndege kushoto.

Katika ndege yenye mabawa ya V, msukumo huo ni mdogo, hauonekani. Katika ndege yenye mabawa yaliyonyooka na usukani mrefu, unaweza kushinda. Hapo rubani anasukuma kulia, pua inakwenda kulia, lakini mabawa yanalala kushoto. Wenye kurusha ndege ndogo za michezo ya angani wanalijua vizuri jambo hili. Anayeanza anafikiri kwamba amefunga waya vibaya.

Na pua?

Mwendo wa tatu, ule wa kuinua na kushusha pua, ndio unaoleta madhara mengi, sababu watu hawautazamii.

Sababu kubwa ni hii: mabawa yanabeba ndege kwa kuisukuma kuelekea juu. Ndege ikilala, msukumo huo nao unalala. Sehemu moja inabaki kubeba uzito, sehemu nyingine inavuta ndege kuelekea upande, na ndiyo inayoizungusha. Ni kama mwenye pikipiki anayelala katika kona. Lakini pikipiki ina barabara chini yake. Ndege haina. Sehemu inayobeba uzito ikipungua, ndege inaanza kushuka, na pua inafuata.

Hesabu yake si ngumu. Ndege iliyolala digrii 60 na kutaka kubaki kwenye urefu uleule inapaswa kufanya mabawa yabebe mara mbili ya uzito wake. Asiyevuta kijiti nyuma atashuka. Anayekivuta sana, akiwa na mwendo mdogo, mabawa yatashindwa kubeba.

Basi usukani ukishikiliwa upande mmoja, mambo yanafuatana: pua inageuka, mabawa yanalala, nguvu ya kubeba inapungua, pua inashuka, mwendo unaongezeka, ndege inazidi kulala. Inaanza kushuka kwa kuzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Kibao kilichofanya yote hayo ni kile cha kugeuza pua tu.

Kuna pia sababu ndogo. Ndege inapokwenda kiubavu, mwili wake unazuia hewa kufika vizuri kwenye bawa moja na kwenye mkia, na vibao vilivyolala mkiani havishiki tena kama mwanzo. Ndege moja itainua pua, nyingine itaishusha, kufuatana na umbo lake. Na motere inayozungusha propela ina tabia ya gurudumu linalozunguka: ukiigeuza upande, inajibu kwa upande mwingine. Kama propela inazunguka kulia ikitazamwa kutoka nyuma, kugeuza pua kulia kunaisukuma chini, na kugeuza kushoto kunaiinua.

Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walijifunza hayo kwa damu. Ndege ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Sopwith Camel, iliyoingia vitani mwaka wa 1917, ilikuwa na motere nzito iliyozunguka yote pamoja na propela. Ikigeuka kulia ilishusha pua, ikigeuka kushoto iliinua. Wanafunzi wengi waliuawa nayo kabla hata ya kumuona adui.

Ndugu wawili na kisima

Fumbo la usukani lina umri sawa na ndege yenyewe. Mwaka wa 1902, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wanajaribu ndege isiyo na motere juu ya vilima vya mchanga vya Kitty Hawk. Waliweza kuilaza kwa kupinda mabawa. Mkiani walikuwa wameweka mbao mbili zilizosimama, zisizosogea.

Mara nyingine, walipojaribu kuinyoosha ndege iliyolala, ilizidi kuteleza kuelekea upande wa bawa la chini, na bawa hilo likachimba mchanga huku ndege ikizunguka. Wao wenyewe walikuwa wanasema kwamba wamechimba kisima. Dawa yao ilikuwa kuufanya mkia usogee, na kuufunga pamoja na nyaya za kupinda mabawa ili viwili hivyo vifanye kazi kwa pamoja. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Desemba 1903, waliruka kwa motere.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Tarehe 13 Januari 1908, karibu na Paris, Henri Farman alimaliza mzunguko wa kilometa moja kwa ndege ya Voisin isiyokuwa na njia ya kulaza mabawa. Aligeuka kwa usukani tu, taratibu, ndege ikiteleza. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti mwaka huohuo, Wilbur Wright aliruka karibu na Le Mans, akalaza ndege yake katika kila kona kama ndege wa porini. Wafaransa waliokuwepo walifahamu palepale kwamba kugeuka kwa usukani peke yake hakutoshi.

Kitufe kimoja, ndege nzima

Hata hivyo, usukani peke yake ulirudi, na kwa faida kubwa, katika ndege ndogo. Mwaka wa 1937, ndugu wengine wawili wa Marekani, mapacha Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff ikiongozwa kwa redio. Mmoja alijenga ndege, mwingine redio. Ndege hiyo, moja kati ya zile za kwanza kabisa za aina yake, inatunzwa leo katika jumba la makumbusho la anga la Smithsonian.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi walitaka kufanya vilevile, lakini redio zilikuwa nzito na za bei. Nyingi ziliweza kutuma agizo moja tu. Rubani alikuwa na kitufe kimoja mkononi. Akibonyeza mara moja na kushikilia, usukani unakwenda upande mmoja. Akibonyeza mara mbili, unakwenda upande mwingine. Akiachilia, unarudi katikati. Nguvu ya kuusogeza ilitoka kwenye mpira uliosokotwa ndani ya ndege.

Hakukuwa na kibao cha kulaza mabawa, wala cha kuinua pua. Lakini watu hao walirusha, waligeuka, na walitua. Mabawa ya V yaligeuza agizo la usukani kuwa agizo la kulala. Na wenye ustadi waliweza hata kupiga mzunguko wa kusimama angani. Walishikilia usukani, ndege ikaanza kushuka kwa kuzunguka na kupata mwendo mkubwa. Kisha waliachilia. Ndege ilinyooka, na kwa sababu ya mwendo ule mabawa yake yalibeba kupita kiasi: pua ilipanda, ikapanda tena, ikapinduka nyuma na kurudi chini.

Kwa maneno mengine, kwa kibao kimoja cha kugeuza pua, walitawala miendo yote mitatu. Ndege ndogo za wanafunzi zinazouzwa hata leo, zile zisizo na vibao kwenye mabawa, zinaruka kwa kanuni hiyohiyo.

Kurudi Pittsburgh

Sasa ajali ya safari 427 inaweza kufahamika. Usukani wa Boeing 737 hausogezwi kwa nguvu za miguu. Pedali zinafungua vali inayopitisha mafuta yenye mgandamizo mkubwa, na mafuta ndiyo yanausukuma. Kufuatana na ripoti ya NTSB, ofisi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliyopitishwa tarehe 24 Machi 1999, sehemu moja ya vali hiyo huenda ilikwama, na sehemu nyingine ikapita mahali pake. Matokeo: usukani ulikwenda mpaka mwisho, na inaelekea ulikwenda upande wa kinyume na ule marubani waliouomba.

Uchunguzi ulichukua muda mrefu kwa sababu kisanduku cha kumbukumbu cha ndege hiyo kilikuwa kinaandika vipimo 13 tu, na mahali usukani ulipo hapakuwa miongoni mwake. Wachunguzi walipaswa kuutafuta usukani kupitia alama zake: namna pua ilivyogeuka, namna mabawa yalivyolala.

Marubani walifanya yale ambayo kila rubani angefanya. Waligeuza usukani wa mkono kulia ili vibao vya mabawa viizuie ndege kulala kushoto. Lakini kila ndege ina mwendo ambao chini yake vibao vya mabawa haviwezi tena kuushinda usukani wa mkia uliokwenda mpaka mwisho. Kwa Boeing 737 ya siku ile, kwa uzito ule, mwendo huo ulikuwa karibu sana na noti 190, yaani kama kilometa 350 kwa saa. Safari 427 ilikuwa inaruka kwa noti 190.

Na hapa pua inaingia tena. Ndege ilipoanza kushuka, marubani walivuta nyuma, kama yeyote anavyofanya anapoona ardhi. Lakini kuvuta nyuma kunafanya mabawa yakutane na hewa kwa pembe kubwa zaidi, na pembe hiyo inaongeza nguvu ya usukani juu ya mabawa na kupunguza ile ya vibao vyake. Mpaka ulipanda juu ya mwendo waliokuwa nao. Dawa ingekuwa kulegeza kijiti, kuacha pua ishuke na mwendo uongezeke, kisha kunyoosha mabawa. Kwenye futi 6 000, katika sekunde chache, bila kujua nini kimeharibika, ni vigumu kumwomba mtu jambo hilo.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Machi 1991, Boeing 737 ya United, safari 585, ilianguka karibu wima pale Colorado Springs na kuua watu wote 25 waliokuwamo. Uchunguzi wa kwanza haukupata sababu. Baada ya Pittsburgh faili ilifunguliwa tena, na mwaka wa 2001 NTSB ilitoa jibu lilelile: usukani.

Kati ya hapo, ndege moja ilirudi na watu wake. Tarehe 9 Juni 1996, Boeing 737 ya kampuni Eastwind, safari 517, ilikuwa inakaribia Richmond na watu 53. Ghafla iligeuka na kulala kulia. Marubani walipambana nayo, tatizo likaisha, wakatua. Tofauti kubwa ilikuwa mwendo: ndege hiyo ilikuwa kwenye noti 250 hivi, juu ya ule mpaka. Vibao vya mabawa bado vilikuwa na nguvu ya kutosha.

Mambo yalibadilika. Marubani wa 737 walifundishwa mpaka huo ni nini na namna ya kutoka ndani yake. Mwaka wa 2002 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliagiza usukani wa ndege hizo uwekewe mtambo mpya wa kuuendesha, na makampuni yakapewa miaka sita kumaliza kazi.

Miguu pia inaweza kuvunja

Usukani unaokwama ni hatari. Usukani unaotumiwa vibaya ni hatari vilevile. Tarehe 12 Novemba 2001, ndege ya Airbus A300 ya American Airlines, safari 587, iliondoka New York kwenda Santo Domingo. Nayo ilipita katika hewa iliyovurugwa na ndege kubwa iliyotangulia. Rubani msaidizi alisukuma pedali kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa nguvu. Kila mara ndege ilikwenda kiubavu zaidi, na hewa ikaugonga mkia kwa upande. Katika sekunde chache mkia uliosimama ulikatika. Watu 260 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watano waliokuwa chini.

NTSB ilisema kwamba misukumo ile haikuwa ya lazima na ilipita kiasi. Ilitaja pia namna pedali za ndege hiyo zilivyotengenezwa, kwa kuwa zilihitaji kusogezwa kidogo tu kwa mwendo ule, na mafunzo ambayo marubani walikuwa wamepewa.

Kwa mwenye telekomande mkononi

Kosa linaloua ndege nyingi ndogo, na ambalo limeua pia marubani wengi wa ndege ndogo za kweli, linatokea kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua. Ndege iko chini, mwendo ni mdogo. Rubani anaona amepita mstari wa uwanja. Anaogopa kulaza mabawa karibu na ardhi, basi anasukuma usukani kuelekea ndani ya kona. Bawa la nje linakimbia, la ndani linapunguza mwendo. Pua inashuka, naye anavuta. Bawa la ndani linaacha kubeba kabla ya lile la nje, na ndege inapinduka juu ya bawa hilo. Urefu wa kujiokoa haupo. Mwenye kujua anaongeza motere na kuzunguka tena.

Kwa wenye ndege za michezo, kuna njia ya kupima. Ndege inapandishwa juu kwa usalama, inanyooshwa, motere inabaki kwenye nguvu moja. Usukani unasukumwa kulia kidogo na kushikiliwa. Je, mabawa yanalala kulia, kushoto, ao yanabaki? Je, pua inapanda ao inashuka? Kisha vilevile kushoto, sababu pande mbili hazijibu sawasawa. Mara nyingi, ndege inayorushwa ikiwa imesimama ubavu, bawa moja likiangalia ardhi, inavutwa kuelekea magurudumu yake.

Telekomande za leo zinaweza kurekebisha zenyewe: kila mara usukani unaposogea, kibao cha mkia ao cha mabawa kinasogea nacho kidogo. Asilimia chache zinatosha kwa kawaida. Lakini marekebisho hayo ni kwa mwendo ule yaliyopimwa. Mwendo ukibadilika, nayo yanabadilika. Ni sawa na Boeing: nguvu ya kila kibao inategemea mwendo.

Na kabla ya kila kuruka, hatua moja ndogo: kusimama nyuma ya ndege, kusukuma kijiti kulia, na kutazama kwa macho kama usukani umekwenda kulia. Motere ndogo inayousogeza inaweza kuwa imefungwa kinyume, na jambo hilo linarekebishwa chini, si angani.

Katika mashariki ya Congo, pale barabara nyingi hazipitiki na wakaaji wanapanda ndege ili kufika kwenye miji ya jirani, wengi wameona kupitia kioo namna bawa linavyoshuka ndege inapokata kona juu ya vilima. Mara nyingi hakuna shida yoyote: ndege inalala sababu ndivyo inavyogeuka. Nyuma yao, juu ya mkia, usukani unasogea kidogo sana, karibu hauonekani, ili pua ifuate mabawa. Rubani mzuri anautumia kidogo, na anajua kwamba akiugusa amegusa ndege yote.